Kiapo cha Jani

Siku ya sita bila haja kubwa, mume wangu Seifu aliingia chooni na ndoo yake ya maji saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na sisi wapangaji wenzake wote tukapanga foleni uani kumsubiri. Nyumba yetu ya Mtaa wa Narung'ombe ina vyumba sita na choo kimoja. Kwa hiyo tumbo la mtu halikuwa siri. Mektilda wa chumba cha tatu, mwanamke mwenye mdomo kama wembe, alikuwa amejifunga kanga kifuani na mswaki mkononi. Akaugonga mlango wa bati.

"Baba Sitara! Kama ni mtoto, mpe jina utoke!"

Watu tukaangua kicheko, na mimi mkewe nikiwemo, sisemi uongo. Zamani Seifu angemjibu mumo humo ndani, na jibu lake lingemfanya Mektilda ahame mtaa. Siku ile alitoka na ndoo yake bado imejaa, akapita katikati yetu bila kumtazama mtu, akaenda zake kukaa barazani. Kicheko kikatukauka midomoni, hata Mektilda akaangalia chini.

Nilipompelekea chai akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Sitara, mimi nikifa msihangaike na matanga makubwa."

"Ufe uende wapi?" nikamfokea. "Ufe uniachie deni la nani? Kunywa chai!"

Nikachukua tenga langu nikaenda sokoni. Pale shimoni, chini ya soko la Kariakoo, kwenye kizimba changu cha mboga za majani, nikainama kama nafunga mafungu ya mchicha, nikalia mpaka wateja wakadhani natokwa na mafua. Niliogopa. Mwanaume aliyenioa kwa maneno mengi, dereva wa lori aliyekuwa akirudi safari ya Tunduma mtaa mzima unajua amerudi, alikuwa anaondoka mbele ya macho yangu, na mimi sikujua nimshike wapi.

Sasa niwaambie chanzo, na hapa sitajipendelea.

Ile miaka ya shida mnaikumbuka. Unga wa foleni, sukari ya foleni, sabuni ya kuotea. Sisi hatukufa njaa kwa sababu mimi nauza mboga, na zisizouzika ndizo zilikuwa chakula chetu. Jumatatu mchicha, Jumanne matembele, Jumatano mnavu, Alhamisi mchicha tena ili tusiusahau. Seifu alikula akilalamika, lakini alikula. Halafu mambo yakawa ruksa. Maduka ya Kariakoo yakafumuka: mikate myeupe iliyofungwa kwenye karatasi, siagi za makopo, jamu, soseji, juisi za unga za rangi ambayo hakuna tunda lililo nayo. Seifu akaja na mkate wake wa kwanza kwapani, akasimama barazani mbele ya wanaume wa mtaa, akanyoosha kidole juu.

"Wallahi, billahi, tallahi! Kuanzia leo jani halipiti kooni mwangu. Mimi si mbuzi!"

Wanaume wakapiga makofi. Na mimi, muuza majani, ninayelisha watu wa Bongo majani, nikapiga vigelegele! Tena si hivyo tu. Karatasi za mikate nilikuwa nazitupa mbele ya nyumba badala ya jalalani, ili wapitaji wajue kwangu mimi Swaumu wanakula nini. Ushamba mtupu. Miaka minane nikauza mboga mchana, jioni nikarudi kumpikia mume wangu wali mweupe na soseji, asubuhi mkate na siagi. Ugali ukiliwa ni wa sembe iliyokobolewa mpaka mahindi yenyewe hayaijui.

Alipokuwa barabarani haikuonekana tatizo. Halafu shirika lao la umma likafungwa, madereva wote wakapewa barua ya kuwashukuru. Kuanzia hapo Seifu ni baraza na mkate, mkate na soda. Akaanza kufunga choo, kisha mdomo.

Msidhani tulikaa tu. Daktari alimpima, akasema ni sonona, ugonjwa kama ugonjwa mwingine, akampa vidonge. Vidonge vilimsaidia kulala, lakini tumbo ndiyo likafunga kufuli kabisa. Wifi yangu Mwanamkuu, dada yake Seifu, yeye akasema ni jini, tena la Kihabeshi, na linataka ngoma ya siku saba.

"Wifi," nikamwambia, "hilo jini linalokula mkate na siagi na kulala mpaka saa nne, mbona mimi halinipandi nikapumzika?"

Akanuna wiki mbili. Nilipumua.

Basi ile asubuhi niliyokuwa nalia kwenye mchicha, akatokea Mama Neha. Jina lake hasa Shobhana, mke wa Kantilal mwenye duka la vitambaa, mteja wangu wa miaka yote. Huyu mama anachagua mboga kama anayechagua mkwe. Siku hiyo alikuja na binti yake Neha, amerudi likizo kutoka Uingereza anakosomea mambo ya lishe. Msichana ana daftari, anauliza kila jani jina lake.

"Shikamoo, Mama Sitara. Huu mchungu ni upi?"

"Marahaba. Huo mnavu. Usiniulize zaidi, leo sina hali."

Mama Neha akanitazama usoni, akaweka kikapu chini. "Nani amekufa?"

"Bado," nikasema, na hapo nikamwaga yote, tumbo, baraza, matanga, kiapo. Watu wa vizimba vya jirani wakasogea kusikiliza, hawana haya.

Neha akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, haya majani yana vitu ndani yake, vile vinavyoyapa rangi na uchungu. Tumbo letu haliwezi kuvimaliza. Vinashuka mpaka kwenye utumbo mkubwa, na kule kuna vijidudu vingi sana vinavikula pamoja na makapi ya majani yenyewe."

"Vijidudu vinakula mchicha wangu?"

"Ndiyo. Na vikishakula vinatoa vitu vingine vinavyoingia mwilini. Kuna mwalimu wangu anaamini vinaweza kugusa mpaka hali ya moyo wa mtu, huzuni na furaha. Wenzake wanamcheka bado. Haijathibitishwa."

"Miaka mitatu baridi ya Ulaya," nikamwambia, "kuja kunieleza kwamba furaha ya mume wangu inapikwa na wadudu wa mavi!"

Soko zima likacheka, Neha naye akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akanishika mkono. "Sijasema ni dawa, Mama. Vidonge asiache, na daktari aambiwe kuhusu choo. Lakini miaka minane bila jani hata moja! Tumbo hilo lina njaa, hata kama yeye ameshiba."

Hilo la mwisho liliniingia. Nilikaa nalo siku nzima.

Kumwambia Seifu ale mboga ilikuwa kazi bure. Nilishajaribu, akanijibu, "Nimeapa." Kazi ilishaondoka, lori limeondoka, safari zimeondoka, kiapo ndicho alichobaki nacho, na alikishika utadhani ni usukani. Nikaamua kumdanganya.

Nilianika mnavu na majani ya kunde juu ya bati, nikayatwanga kwenye kinu mpaka yakawa unga. Mama Neha akanifundisha chapati zao za manjano. Ukitia manjano na binzari ya kutosha, jani haliulizwi jina. Nikatia kwenye chapati, nikatia kwenye maharage, sembe nikaanza kuichanganya na dona isiyokobolewa kidogo kidogo.

"Hivi vyeusi ni nini?" Seifu akauliza siku ya kwanza, akiinyanyua chapati kwenye mwanga.

"Viungo vya Kihindi. Mama Neha kanipa."

"Vya dukani?"

"Vya dukani."

Akala. Mwongo mimi.

Siku tatu za kwanza tumbo lake lilinguruma mpaka Sitara binti yetu akauliza kama mvua inakuja. Siku ya tano alitoka barazani akikimbia, akampita Mektilda kwenye foleni bila hodi, akajifungia. Alichofanya mle ndani kilisikika nyumba nzima. Mektilda akaanza kupiga makofi, wapangaji wakadakia. Seifu alipotoka alikuwa na jasho, na nusu ya kicheko usoni. Nusu tu, lakini niliiona.

Sisemi ni majani. Daktari naye alishambadilishia vidonge, jua nalo lilikuwa zuri mwezi ule. Lakini kufika wiki ya sita mume wangu alikuwa anaoga bila kuambiwa, anakaa barazani ameelekea barabarani badala ya ukutani, na jioni moja akamjibu Mektilda. Jibu lenyewe siwezi kulirudia, nyumba yetu ina watoto. Nilienda ndani nikalia kwa raha.

Ningeishia hapo ningekuwa mwanamke mwenye akili. Lakini mimi nina hasira za karibu.

Jumamosi moja nilirudi sokoni nimechoka, tenga kichwani na matembele yaliyobaki. Seifu amekaa na wanaume wanne barazani, moyo umechangamka, na mdomo wake wa zamani umerudi.

"Haya, mpisheni mke wangu," akasema. "Analeta chakula cha mbuzi."

Wanaume wakacheka. Miguu inaniuma, mgongo unaniuma, wiki sita natwanga usiku na mchana kwa ajili yake. Nikalibwaga tenga chini.

"Mbuzi ni wewe!" nikapayuka. "Wiki sita nzima unakula majani! Mnavu, kunde, yote yamo ndani yako! Hizo chapati unadhani ni nini? Na usingeyala ungekuwa umeshakufa na tumbo lako!"

Seifu hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru. Aliinuka polepole, akaingia ndani, akalala akaelekea ukutani.

Siku tatu hakula kitu. Alikunywa chai ya rangi na vidonge vyake, basi. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwambia, "Baba Sitara, nimekosa. Nilidanganya kwa sababu naogopa utakufa. Sijui kukaa bila wewe, na sitaki kujifunza." Maneno hayo sikuwahi kumwambia hata siku ya harusi.

Akajibu ukutani. "Kila kitu wamechukua. Nilikuwa na neno langu. Na wewe ukalichukua."

Nikavaa baibui nikaenda msikitini kumwita Maalim. Alikuja, akaketi kwenye kigoda, akatusikiliza wote wawili.

"Seifu, ulichokula bila kujua hakijavunja kiapo," akasema. "Mwenye kosa ni huyu, na atubu. Sasa unajua. Mtu akiapa jambo, kisha akaona jingine lina heri zaidi, hufanya lenye heri na hutoa kafara. Lisha masikini kumi, kwa chakula cha wastani mnachokula nyumbani kwenu."

Kitanda kikalia. Seifu alikuwa amegeuka. "Nilishe masikini kumi, mimi? Mimi mwenyewe ni nani?"

"Wewe una mke anauza mboga Kariakoo na unalala kwenye godoro. Wewe si masikini. Wewe ni mjeuri."

Nilidhani atamfukuza. Kesho yake asubuhi nikamwona anatafuta viatu.

Alitoka akarudi saa kumi jioni, vumbi mpaka magotini, na hasira imemjaa. Akakaa, akaanza kusimulia, na mimi nikaacha kila kitu nisikilize, maana tangu afukuzwe kazi hakuwahi kunisimulia jambo.

"Mji huu hauna masikini! Nimekwenda Mchikichini, nimemkuta dereva mwenzangu Anzuruni, ametandika viatu vitatu chini. Vitatu, Mama Sitara, tena vya miguu tofauti! Namwambia njoo Ijumaa kwangu kuna chakula cha masikini. Ananiambia, 'Masikini nani? Mimi ni mfanyabiashara.' Nimeshuka Jangwani. Kuna mtu maji ya mafuriko yamemwachia mstari ukutani usawa wa kifua. Anasema masikini wapo kule chini zaidi. Nimekwenda kule chini. Wananiambia masikini wako juu! Tangu iwe ruksa kila mtu ana biashara!"

Nilicheka mpaka nikajishika ubavu, na yeye akanitazama kwa ukali, kisha akacheka pia.

Siku ya pili akabadilisha maneno. Hakumwambia mtu njoo ule. Aliwaambia, "Nimekwama kwenye kiapo, ndugu yangu. Bila watu kumi siwezi kula nyumbani kwangu. Nisaidie." Wakakubali mmoja mmoja. Kila mtu alikuwa anamsaidia Seifu.

Ijumaa baada ya swala walikuja tisa, karibu wote wa shirika lile lile, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi na nyuso ambazo hazijapigwa pasi kwa muda. Nikatandika mkeka uani. Ugali wa dona, mchicha wa nazi, mnavu, dagaa. Mektilda alinisaidia kusonga, mikono imara kama mwanaume. Wakaanza kula. Halafu Anzuruni wa viatu vitatu akasema, akiwa ameinamia sahani, kwamba yeye wiki hii siku nne hajapata choo. Wa pembeni yake akasema tano. Mwingine akasema hajui, aliacha kuhesabu alipoacha kulala. Wanaume tisa wakaanza kusemezana matumbo yao, mara wakawa wanasemezana mengine, jinsi mtu anavyoamka alfajiri akavaa nguo za kazi kisha akakumbuka. Sikuwahi kusikia wanaume wakisema hivyo. Nikaacha kupitisha vyombo ili nisiwakatize.

Seifu aliwahudumia wote na hakugusa kitu, maana kafara haijafika watu kumi. Sahani ya kumi ilikuwa imefunikwa kwa kawa.

"Abdulkadiri hajaja," nikasema. Abdulkadiri alikuwa utingo wake, miaka kumi na miwili wamelala pamoja chini ya lori moja.

"Hatakuja. Nilipokwenda alikuwa amelala, akaniambia amechoka. Saa tano asubuhi." Akaichukua ile sahani. "Ningekuwa yeye, hata mimi nisingekuja."

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele na sahani, mimi nyuma na birika, tukavuka bonde la Jangwani mpaka Magomeni. Watu wanatutazama. Mume wangu siku ya sita hajala, anabeba chakula jua la mchana na hakipunguzi hata kwa kukinusa. Nilitaka kumpiga, nilimpenda hivyo.

Chumba cha Abdulkadiri kilikuwa na dirisha moja, limefungwa. Mwenyewe amelala, mgongo kwetu. Mimi nilisimama mlangoni. Mgongo ule niliujua, nilishalala nao mwaka mzima nyumbani kwangu.

"Weka hapo, kaka," Abdulkadiri akasema bila kugeuka. "Nitakula baadaye. Nisikucheleweshe."

Seifu akafungua dirisha. Akakaa chini sakafuni, akaweka sahani katikati ya miguu yake, akafunua kawa.

"Utanichelewesha wapi?" akasema. "Kazi yenyewe sina."

Tangu ile barua, kwa watu, kwa mtoto, kwangu mimi, hakuwahi kulitamka hilo. Alilisema kama anavyosema leo ni Ijumaa.

"Na wewe umekula?" Abdulkadiri akauliza.

"Sijala. Nimeapa. Siwezi kula mpaka wewe ule."

"Tangu lini?"

"Jumamosi."

"Mwendawazimu wewe." Kitanda kikalia. Abdulkadiri aligeuka, ndevu zimemjaa, akamtazama Seifu, akaitazama sahani, kisha akaniona mimi na birika langu mlangoni.

"Shemeji," akasema, "lete maji ya kunawa. Ya watu wawili."